Kiti Hakisogezwi

Kwetu Pittsburgh kiti hakisogezwi. Ukizoa theluji mbele ya nyumba yako, ukaondoa gari na kuacha pengo safi kando ya barabara, unaweka kiti katikati ya pengo hilo na kwenda zako kazini. Kiti chochote: cha jikoni, cha ufukweni, cha mtoto ambaye sasa ana watoto wake. Jirani yangu Gus Tomko huweka ubao wa kupigia pasi, nao unaheshimiwa vilevile. Ukirudi jioni ubao upo, nafasi ipo. Hakuna sheria ya jiji inayosema hivyo. Ukimuuliza polisi atatazama pembeni, maana na mama yake ana kiti chake. Labda ndiyo sababu desturi hii imebaki mikononi mwetu, kwamba haijaandikwa popote. Vilivyoandikwa vyote vilichukuliwa. Kiwanda cha chuma kilikuwa na mikataba, kikaenda. Uwanja wa besiboli chini ya mteremko ulikuwa na hati, hospitali ikaugeuza jengo la maegesho la ghorofa sita, ikatuahidi kwamba sisi wa Mtaa wa Brannock tutaegesha humo bure. Nilikuwepo kwenye mkutano ule. Nakumbuka hata tai ya aliyeahidi, ilikuwa na picha za bata. Mpaka leo hakuna gari la Brannock lililoingia mle bila kulipa.

Nimeyasema haya mara nyingi kiasi kwamba mtaani wananiita Kipaza. Si kwa kunisifu.

Danika Hruska alikuja kwangu mwezi wa pili, Jumamosi asubuhi, akiwa bado na sare ya bluu ya dobi la hospitali, linalofua mashuka ya wagonjwa. Nami nilifanya kazi kwenye dobi hilohilo kabla hajazaliwa. Niliongoza mgomo pale. Nilipoiona ngozi ya vidole vyake nilijua kwamba sabuni haijabadilishwa.

"Hodi, Mzee Orval."

"Kama unauza biskuti, mimi nina sukari."

"Biskuti niliacha kuuza nikiwa na miaka kumi. Na hata wakati ule hukununua, ulinipa karatasi ya chama cha wafanyakazi."

"Uliisoma?"

"Nilichora farasi nyuma yake."

Nikamfungulia. Alikaa jikoni bila kuvua koti, akashika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, akanieleza kama mtu anayesoma maneno aliyokwisha kuyachoka. Alikuwa anasoma kompyuta chuoni, masomo ya jioni, mwaka wa sita sasa, kwa sababu kila muhula alimudu somo moja au mawili tu. Mwezi wa tano chuo kilikuwa kinafunga masomo ya jioni. Darasa lake ndilo la mwisho. Limebaki jambo moja, mradi wa kumalizia: yeye na mwenzake mmoja watengeneze programu ya simu inayofanya kazi kwa watu wa kweli.

"Ukifeli?"

"Hakuna mwaka wa kurudia, Mzee. Hata wa kumlilia hakuna, ofisi yenyewe wanaifunga."

Programu yenyewe ilikuwa ya kuwekea nafasi za maegesho. Wageni wa hospitali huzunguka mteremko wetu wakitafuta pa kuegesha, maana lile jengo linawakamua. Sisi nasi mchana tuko kazini, mapengo yetu yamekaa matupu na viti. Basi mwenye pengo abonyeze simu huko aliko, aseme liko wazi mpaka saa kumi. Mgeni alione, aliwekee nafasi, alipe kidogo. Mwalimu wao alitaka nafasi ishirini za kweli na magari ya kweli, wiki nzima. Siku ya mwisho atakuja mwenyewe kama mgeni yeyote, aweke nafasi, aegeshe. Asipoegesha, basi.

"Kwa hiyo unataka kuukodisha mtaa," nikasema.

"Mchana tu."

"Kila kilichochukuliwa hapa kilichukuliwa mchana, binti."

Akazungusha kikombe. Kisha akasema, akiitazama kahawa, "Kila gari litakaloegesha kwetu, Mzee Orval, ni gari ambalo halijaingia kwenye jengo lao."

Huyo ndiye aliyechora farasi. Nikavaa viatu.

Ijumaa za Kwaresima mtaa wote hula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, Wakatoliki na sisi wengine tunaopenda samaki. Nilisimama karibu na meza ya kabichi nikasema yangu. Walipiga kelele kama kawaida.

"Kipaza umeuzwa!" alisema Gus Tomko, mdomo umejaa. "Jana ulituambia tusiwape hospitali hata kinyesi cha mbwa."

"Siwapi hospitali. Nawanyang'anya."

"Na ubao wangu wa pasi?"

"Ubao wako upige picha, uingie kwenye simu, uwe maarufu kuliko wewe."

Walicheka, na kwetu mtu akicheka amekwisha kukubali nusu. Danika alipita meza kwa meza akiwaonyesha pa kubonyeza. Tulipata kumi na tisa. Ndipo Bi Verna Sudik, aliyekuwa akipakua kabichi, alipofuta mikono kwenye aproni na kusema, "Weka na cha Lou."

Lou Sudik, mumewe, alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Gari lake alipewa mpwa wake huko Erie. Lakini kiti chake cha jikoni, cha manjano, kilichopasuka na kubandikwa utepe mweusi, kilibaki pale mbele ya nyumba yao juu kabisa ya mteremko, kiangazi na masika, mvua na theluji. Hakuna aliyeegesha. Walipohamia vijana wenye kigari cha umeme wakauliza kwa nini kiti kisicho na gari kinashika nafasi, mimi ndiye niliyewaeleza, katikati ya barabara, mpaka mama mmoja akaingiza watoto ndani wasinisikie, kisha akawapeleka chumba cha nyuma kwa kuwa hata ndani nilisikika.

"Bi Verna," nikasema, "hicho si cha kuingizwa humu."

"Kiti ni changu, Orval, au cha chama chako?"

"Ni..."

"Mtoto anahitaji ishirini. Wewe kula samaki."

Danika akaniangalia. Mimi nikala samaki. Nafasi ile ilikuwa ya mbali kuliko zote na hospitali, nikajiambia hakuna atakayeipanda.

Jumatatu majaribio yakaanza. Mchana alinipigia Danika kutoka dobini, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Mzee, nenda ukatazame. Simu inaniambia nafasi saba zimechukuliwa. Lakini watu wanaandika malalamiko."

Nikaenda kutazama. Barabara ilikuwa vilevile, viti kila pengo, gari geni hata moja hakuna. Mbele ya nyumba ya Tomko alisimama mwanamke kwenye gari dogo jekundu, taa za tahadhari zinawakawaka. Alikuwa akitazama simu, halafu ubao wa pasi, halafu simu.

"Umeweka nafasi hapa, mama?"

"Nimeweka na nimelipa. Lakini pana ubao."

"Ni wa mwenye nafasi. Usogeze."

Alinitazama kama nimemwambia amkojolee mtu mlangoni. "Mimi ni mtu wa Pittsburgh, kaka," akasema, akaondoka.

Huo ndio uliokuwa wazimu wetu. Danika na mwenzake, kijana mmoja aitwaye Trevin, walikuwa wamewaza kila kitu: ramani, malipo, mtu akichelewa, mtu akighairi, simu ikizima. Hawakuwaza kiti. Mwenye nafasi anaondoka alfajiri, anaacha kiti kama alivyoacha miaka yote, anabonyeza simu kutoka kazini kwamba pako wazi. Nani akitoe? Kwa watoto hawa, waliozaliwa wakakuta viti barabarani, kiti ni kama nguzo ya umeme. Hakuna anayetengeneza programu ya kuhamisha nguzo.

Jioni walikaa kwenye ngazi za kibaraza changu, Trevin akijibana kwa baridi.

"Lakini ni kiti tu," alisema. "Kina miguu minne. Unakishika, unakiweka kando."

"Ungekishika wewe?" Danika akamuuliza.

Trevin aliivuta kofia masikioni. "Mamangu angeniua," akasema.

Usiku ule waliongeza maneno kwa herufi kubwa: UNA RUHUSA YA KUSOGEZA KITI. Kesho yake watu waliyasoma maneno, wakapiga picha kiti, wakaenda kulipa kwenye jengo. Mmoja tu alisogeza, bwana mmoja mwenye namba za gari za Ohio, aliyesogeza ubao wa Tomko akauegemeza kwenye ukuta vizuri kabisa. Shemeji yake Tomko, anayekaa ng'ambo ya barabara na ambaye hakuhudhuria samaki, aliona ubao umeondolewa. Akafanya kinachofanywa. Alivuta mpira wa maji akalimwagia lile gari mpaka likavaa barafu kama keki. Bwana wa Ohio alirudi kutoka kumtazama mkewe aliyezaa, akakuta milango haifunguki.

"Nilidhani mwizi!" shemeji alifoka tulipomwendea na ndoo za maji ya vuguvugu.

"Mwizi gani anaegemeza?" Tomko akamuuliza.

Danika alikuwa amekaa ukingoni mwa njia ya miguu, kwenye theluji iliyochafuka, sare yake imelowa. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu mashuka, "Miaka sita, Mzee. Nimelala kwenye basi, nimesoma chooni nikimkwepa bosi. Inafanya kazi. Kila kitu kinafanya kazi. Ni watu ndio hawaegeshi."

Nilijua la kufanya, na magoti yangu yalijua pia, yakaanza kuuma kabla sijasema. Kiti husogezwa na mwenyewe, au na mtu ambaye mtaa mzima unajua kwamba mwenyewe amemtuma. Brannock nzima mtu huyo ni mmoja.

Kuanzia Jumatano nilivaa kizibao changu cha rangi ya chungwa, kile cha siku za mgomo, nikashika simu ya zamani ya Trevin. Ikilia, nashuka. Natoa kiti, naweka kwenye kibaraza cha mwenyewe, nampungia mgeni mkono aingie. Mgeni akiondoka, inalia tena, narudisha kiti. Kisha inalia ya juu, napanda. Mteremko wetu si wa mzee. Jiji limeujengea ngazi mahali ambapo wengine wangejengewa barabara, nazo mbao zake nusu zimeoza. Nimeandika barua juu ya ngazi hizo kwa mameya ambao wengine wamekwisha kufa.

"Angalia, Kipaza ameajiriwa na simu!" vijana wa kigari cha umeme walinipigia kelele dirishani.

"Nyamazeni, mnalipa pango kwa mwizi!" niliwajibu, lakini pumzi haikutosha kumalizia.

Maisha yangu yote nilipigana na kampuni zinazofanya watu kuwa mashine. Sasa mashine ilikuwa imetengenezwa na mtoto wa mtaani kwetu, na ndani yake, pale inapopaswa kuzunguka gurudumu, nilikuwa mimi. Nililala na chupa ya maji ya moto miguuni. Lakini magari yaliingia. Alhamisi yalijaa karibu yote. Danika alipita kwangu akitoka zamu, akakuta nimelala kwenye kiti na kizibao, akanivua viatu bila kuniamsha. Najua kwa sababu sikuwa nimelala.

Alfajiri ya Ijumaa theluji ikaanguka, na nyingi. Ijumaa ndiyo siku ya mwalimu.

Theluji ikiwa nyingi watu hawaendi kazini, na asiyekwenda kazini gari lake halitoki. Mapengo yote yalikuwa na wenyewe. Saa nne asubuhi simu ililia. Nikaitazama, nikaitazama tena. Katika nafasi ishirini ilikuwa imebaki moja, na mtu ameichukua.

Nilipanda mpaka juu nikishika ukuta. Nilipofika, gari la kijivu lilikuwa limesimama katikati ya barabara, taa zinawakawaka. Ndani yake alikaa bwana mnene mwenye kofia nyeusi na njano, simu mkononi. Mbele yake lilikuwa pengo lililozolewa vizuri, maana watoto wa Tomko humzolea Bi Verna hata kama hana gari, na katikati ya pengo kiti cha Lou, kimebeba theluji kama mto.

Alishusha kioo. "Wewe ni mmoja wa mradi? Naitwa Kessinger, mwalimu wao. Simu inasema hapa ni pangu."

"Simu imesema kweli, mwalimu."

"Mbona pana kiti?"

"Kiti ni kazi yangu."

"Basi kitoe."

Nilikwenda mpaka penye kiti. Niliweka mkono juu ya mgongo wake, pale penye utepe, ambapo Lou mwenyewe alibandika akinitukana kwa kuwa nilimshikia vibaya. Mkono ukabaki hapo. Tangu Jumatano nilikuwa nimesogeza viti mpaka nikasahau kwamba vina watu, na hiki sikuweza kukiinua. Niliwafukuza watu mbele ya kiti hiki. Niliapa kwamba hakitasogezwa.

"Mzee, vipi?" mwalimu akauliza.

"Kisogeze wewe," nikamwambia. "Umelipa."

Alikitazama kiti. Aliuona utepe, akaona nyumba ilivyo, pazia, pengo lisilo na alama ya tairi. Mtu wa hapa husoma mambo hayo. "Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto, mzee," akasema taratibu. "Sisogezi kiti cha mtu. Na hicho hasa sisogezi."

"Basi mpe binti alama zake uende."

"Siwezi. Nilisema nitaegesha. Wenzake wote nimewapima hivyohivyo, nikimwachia huyu, wale niliowaangusha niwaambie nini?"

Hapo akafika Danika, amepanda ngazi mbio, pumzi inatoka kama moshi wa kiwanda. Aliona gari, akaona kiti, akaniona mimi. Akaelewa yote mara moja, nikaona uso wake unavyoshuka. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kiti. Angeweza kukishika. Alitia mikono mifukoni.

"Mwalimu," alisema, "nafasi hii niliiweka kimakosa. Naighairi. Zilikuwa kumi na tisa."

"Danika, nilisema ishirini."

"Najua ulichosema."

"Unajua maana yake?"

"Najua na maana yake."

Alikwisha kutoa simu. Kidole kilikuwa juu ya kioo pale mlango wa Bi Verna ulipofunguliwa. Alikuwa na ndara, gauni la nyumbani, na koti la Lou juu yake.

"Mmesimama hapo kama mmeleta jeneza," alisema. "Moja limetosha."

"Rudi ndani, Bi Verna, utaanguka," nikamwambia.

"Wewe ndiye utaanguka, tazama magoti yako. Danika, weka simu mfukoni."

"Bi Verna, haina haja—"

"Haja ninaijua mimi." Alishuka ngazi zake mojamoja, ameshika chuma. Alipita mbele yangu, akakung'uta theluji ya kiti kwa kiganja kama anayekung'uta makombo, akakiinua. Kilikuwa kimegandia chini. Alikivuta mara mbili, miguu yake ikang'oka na sauti. Hatukumsaidia hata mmoja wetu. Watu wazima watatu, tulimtazama akibeba kiti mpaka mlangoni, akikigonga kwenye fremu, akiingia nacho.

Mwalimu Kessinger akaegesha. Alifanya vibaya, akagusa ukingo. Akazima gari, akakaa kidogo, akashuka na karatasi yake, akaandika alichoandika akiwa ameliegemea gari. "Umefaulu," alimwambia Danika bila kumtazama. Hakukaa hata robo saa.

Alipoondoka, pengo lile lilibaki wazi. Nilikwenda kugonga kwa Bi Verna. Alikuwa jikoni, amekaa juu ya kiti cha manjano, amenyoosha miguu karibu na jiko. Utepe ulikuwa ukidondosha maji sakafuni.

"Lete, nikirudishe," nikasema.

"Nimekikalia."

"Bi Verna, ukiacha hivyo watachukua."

"Nani?"

"Wao. Wote. Yeyote."

"Orval," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu, "miaka miwili nakula nimesimama kwa sababu viti vilikuwa vitatu, kimoja kikawa nje, na vile viwili siwezi kukalia kimoja nikitazama cha pili kitupu."

Nilirudi nje. Nilishuka mpaka nyumbani kwangu, nikachukua kiti changu mwenyewe cha kibarazani, nikapanda nacho. Sijui safari ile ilichukua muda gani, nilipumzika kila ngazi isiyooza. Nilipofika juu, kigari cha umeme kilikuwa kimeingia kwenye pengo, waya wake wa chaji umetolewa dirishani kwao, na kijana mmoja ananipungia mkono kwa adabu.

"Kulikuwa hakuna kiti, Mzee!" alisema.

Nilikuwa na maneno. Maneno sijawahi kukosa. Niliweka kiti changu chini hapo kwenye njia ya miguu, kando ya gari lao, nikakaa nipate pumzi kwanza. Danika alikuja akaketi kwenye theluji kando yangu, akaegemeza kichwa kwenye mkono wa kiti, na kabla sijaanza kusema alikuwa amelala.